Mkataba wa Mindanao, wa Aceh au ugatuzi wetu: Pwani ikiulizwa, tushike upi?

Binamu yangu ni baharia. Amerudi Amu, yaani mji wa Lamu, majuzi baada ya miezi tisa melini, na usiku wa kwanza tu, baada ya isha, akaja barazani Mkunguni na kisa. Katika meli yao kulikuwa na Wafilipino wawili, mmoja mwenyeji wa Cotabato na mwingine wa Zamboanga, miji miwili ya kisiwa cha Mindanao, kusini mwa nchi yao. Watu wapole, wanapikiana wali, wanaazimana chaja. Lakini likitajwa neno Bangsamoro, jimbo la kujitawala la Waislamu wa kule, basi. Wa Cotabato atasema: tumepata serikali yetu baada ya miaka arubaini ya vita. Wa Zamboanga atajibu: mlitaka kutuingiza kwenye ramani yenu bila kutuuliza. Sahani zitaoshwa kimyakimya mpaka kesho yake.

Muuza kahawa alikuwa hajamaliza kuzungusha finjani mara ya kwanza, baraza likawa limeshawaka. Vijana wakasema na sisi Pwani ya Kenya tudai mkataba kama huo. Mmoja akaitaja Aceh ya Indonesia, kwamba wao walipata zaidi, tena kwa haraka. Mzee mmoja ambaye kwangu ni ami akawaacha wamalize, akaweka finjani yake chini. "Wanangu," akasema, "majimbo tulipewa. Niulizeni yalikwenda wapi."

Hakuna aliyemuuliza. Maneno yake yamenikaa kifuani tangu usiku ule, na ndiyo yaliyonifanya niiweke mikataba hii ubavu kwa ubavu. Nawaandikia wale wa barazani, na ndugu wa Malindi, Tana na Kwale ambao siku moja wataletewa karatasi ya kutia sahihi yenye neno kubwa la kujitawala juu yake. Msimamo wangu nautoa mapema: mtu akikuletea mkataba wa mamlaka ya ndani, usianze na bendera wala jina la jimbo. Tazama kwanza nani aliulizwa, pesa zinapita mikononi mwa nani, na nani anaweza kuuchana siku akiudhika. Nikipima kwa maswali hayo, naiweka njia ya Mindanao mbele ya ile ya Aceh, ijapokuwa Aceh ilifika mapema. Na naona kwamba katiba yetu wenyewe ina kufuli gumu kuliko la wote wawili, ila mlango linaoufunga ni mdogo.

Mikataba yenyewe, kwa ufupi

Wamoro ni Waislamu wa Mindanao na visiwa vya Sulu. Vita vyao na serikali ya Manila vilianza mapema miaka ya 1970. Mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi Tripoli, Libya, mwaka 1976, na chama cha MNLF. Ukafuatia mwingine mwaka 1996. Katikati kulikuwa na jimbo la kujitawala lililoundwa mwaka 1989, ambalo lilipopigiwa kura ni mikoa minne tu iliyokubali kuingia. Kundi lililojitenga na MNLF, yaani MILF, likaendelea na mazungumzo yake chini ya usuluhishi wa Malaysia, na tarehe 27 Machi 2014 likatia sahihi mkataba kamili wa Bangsamoro. Sheria yake ikatiwa sahihi na Rais Duterte Julai 2018, kura ya maoni ikapigwa Januari na Februari 2019.

Aceh iko ncha ya kaskazini ya Sumatra. Chama cha GAM kilitangaza kupigania uhuru Desemba 1976, mwaka uleule wa Tripoli. Gesi ya Arun ilikuwa chini ya miguu yao na faida yake ikienda Jakarta. Kisha tarehe 26 Desemba 2004 ikaja tsunami. Sisi wa ukanda huu tunaikumbuka, maana mawimbi yaleyale yalifika hadi Malindi siku ileile. Kule kwao waliokufa na kupotea walipita watu 160,000. Mwezi uliofuata pande mbili zikaanza kuzungumza mjini Helsinki chini ya Martti Ahtisaari, rais wa zamani wa Finland, na tarehe 15 Agosti 2005 wakatia sahihi. Miezi saba tu.

Upo na mkataba wa tatu ambao vijana wa baraza hawakuutaja, nami nauingiza kwa nguvu: wa Addis Ababa wa mwaka 1972, ulioipa Sudan Kusini serikali yake mjini Juba. Huu unatuhusu kuliko tunavyodhani. Machi 2012, Rais Kibaki alipokuja hapa Lamu kuweka jiwe la msingi la bandari, Rais Salva Kiir alikuwa pembeni yake, kwa sababu bandari ile ilipangwa ipitishe mafuta ya Sudan Kusini. Ukifuata kamba ya mafuta hayo nyuma, unafika kwenye mkataba uliochanwa.

Nani aliulizwa?

Hapa nitakaa, kwani ndipo penye ugomvi wa wale mabaharia wawili.

Mwaka 2008 serikali ya Rais Gloria Macapagal Arroyo na MILF walikuwa wameshaandika makubaliano juu ya ardhi ya mababu wa Wamoro. Yalikuwa yatiwe sahihi Kuala Lumpur tarehe 5 Agosti. Ramani ilikuwa ndani yake, na vijiji vilikuwa vimetajwa. Ila watu wa vijiji hivyo hawakuwa wameiona karatasi. Viongozi wa Cotabato Kaskazini, wa Zamboanga na wa mji wa Iligan wakakimbilia Mahakama ya Juu, na tarehe 4 Agosti, wajumbe wakiwa tayari kwa sherehe, mahakama ikazuia sahihi. Oktoba 14 ikatoa hukumu kwa majaji 8 dhidi ya 7: makubaliano yale yalikuwa kinyume cha katiba. Wananchi hawakushirikishwa, na uhusiano uliokuwa umeandikwa baina ya jimbo na taifa haukuwa na nafasi katika katiba ya nchi ile.

Kwa mtu wa Zamboanga hiyo ilikuwa haki. Kwa Mmoro aliyesubiri tangu 1976, ilikuwa mlango umefungwa usoni kwa mara nyingine. Baadhi ya makamanda wa MILF walichukua bunduki wakashambulia vijiji, jeshi likajibu, na mamia ya maelfu ya watu wakalala kambini. Nawaelewa wote wawili, lakini nikilazimishwa kusema nani alikuwa na hoja nzito, nasema wa Zamboanga. Ukiiandika ardhi ya mtu kwenye ramani yako usiku, asubuhi huwezi kumwita adui wa amani kwa kuuliza.

Safari ya pili walikwenda tofauti. Mkataba wa 2014 ulichapishwa, rasimu ya sheria ikapelekwa bungeni, mikutano ikafanyika. Kisha Januari 25, 2015, polisi wa kikosi maalumu waliingia Mamasapano kumsaka mtu aliyekuwa akitafutwa kwa ugaidi, wakakutana na wapiganaji, na polisi 44 wakauawa. Nchi nzima ikachafuka. Wabunge waliokuwa wakiunga mkono wakarudi nyuma, na rasimu ikafia bungeni mwaka 2016. Ilibidi ije serikali nyingine, na vita vya miezi mitano vya mji wa Marawi mwaka 2017, ndipo sheria ikapita.

Nayo ilipopita, watu waliulizwa mahali kwa mahali. Mji wa Cotabato ukasema ndiyo, ukaingia. Mji wa Isabela ukasema hapana, ukabaki nje. Vijiji 63 vya Cotabato Kaskazini vikasema ndiyo, vikaingia, ingawa vimezungukwa na mkoa usio wa jimbo. Miji sita ya Lanao del Norte yenyewe ilitaka, lakini mkoa wake ulikataa kuiachia, ikabaki. Zamboanga haikuwekwa tena kwenye ramani. Kwa hiyo yule rafiki wa binamu yangu hakupiga kura yoyote mwaka 2019, na huenda ndiyo sababu bado anazungumzia mwaka 2008.

Kasoro ilikuwa moja, nayo ni kubwa: Sulu. Mkoa huo ulipiga kura ya hapana, lakini sheria ilihesabu jimbo la zamani kama kura moja, basi Sulu ikavutwa ndani na wingi wa wenzake. Septemba 2024 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Sulu haimo. Miaka mitano ya bajeti, walimu na ofisi, kisha unaambiwa hukuwa ndani.

Na Aceh? Hapakupigwa kura ya maoni. GAM na serikali walikaa Helsinki mara tano, wakakubaliana, Bunge la Jakarta likatunga sheria namba 11 ya mwaka 2006. Silaha 840 zikasalimishwa, uchaguzi wa gavana ukafanyika Desemba 2006, na aliyeshinda, Irwandi Yusuf, alikuwa mtu wa GAM. Siwezi kuwalaumu, watu waliokuwa wanazika jamaa zao hawakuwa na muda wa kampeni. Ila haraka ile ilikuwa na bei, na bei yake nitaionyesha kwenye neno moja huko mbele.

Sisi nasi tuna hukumu yetu ya aina hii. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba ujenzi wa bandari ya Lamu ulikiuka haki za wakazi, mojawapo ikiwa ni kutoshirikishwa, na ikawapa wavuvi 4,600 fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ukiisoma baada ya ile ya Manila ya 2008 utadhani wamesoma chuo kimoja.

Pesa

Mkataba wa Helsinki unasema Aceh itabaki na asilimia 70 ya mapato ya mafuta, gesi na maliasili nyingine za ardhi na bahari yake. Sheria ya Bangsamoro inaliachia jimbo asilimia 75 ya kodi za taifa zinazokusanywa ndani yake, na mafuta na gesi yanagawanywa nusu kwa nusu.

Sasa fungua sheria yetu ya madini ya mwaka 2016. Asilimia 70 ya mrabaha inakwenda serikali ya taifa, 20 kaunti, 10 jamii ya pale madini yanapochimbwa. Sheria ya mafuta ya 2019 inaipa taifa 75, kaunti 20, jamii 5. Nilipoziweka karatasi hizi mezani kwa mara ya kwanza nilidhani nimesoma vibaya. Tarakimu ni zilezile, zimegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Hapo ndipo vijana wengi hukata shauri: Aceh! Subiri kwanza. Asilimia 70 ya nini? Kisima cha Arun kilikuwa kinakauka tangu kabla ya sahihi, na shehena ya mwisho ya gesi ya kimiminika iliondoka mwaka 2014. Kilichoilisha Aceh baada ya hapo ni mfuko maalumu kutoka Jakarta: ulianza mwaka 2008 kwa asilimia 2 ya fungu la ruzuku la taifa kwa mikoa, ukashuka kuwa asilimia 1 kuanzia 2023, na umepangwa kwisha 2027. Pamoja na pesa zote hizo, Aceh imeendelea kutajwa miongoni mwa mikoa maskini kabisa ya Sumatra.

Bangsamoro hawakuwa na kisima cha kutegemea, wakaomba kitu kisicho na mvuto wa jukwaani: kila mwaka asilimia 5 ya kodi za ndani na za forodha za taifa zima, na sheria inasema zitoke zenyewe, bila Bunge kuombwa upya kila bajeti. Mimi hili ndilo ningelidai kuliko jingine lolote. Katiba yetu inazihakikishia kaunti 47 kwa pamoja asilimia isiyopungua 15 ya mapato ya taifa, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini inahesabiwa kwa mapato ya hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge, ambazo mara nyingi ni za miaka ya nyuma, na kila mwaka tunasikia magavana wakilia kwamba mgao umechelewa. Muuguzi wa zahanati hawezi kula asilimia. Kati ya fungu kubwa la kuomba na fungu la wastani linalotoka lenyewe, shika la pili.

Neno moja, ridhaa

Msomaji wa Kiswahili atanielewa haraka hapa, maana tunajua tofauti ya kumshauri mtu na kupata ridhaa yake. Baba anaweza kushauriana na binti habari ya mchumba. Lakini kadhi anauliza ridhaa.

Mkataba wa Helsinki ulisema kwamba uamuzi wa Bunge la Indonesia unaoihusu Aceh utafanywa kwa kushauriana na kwa ridhaa ya baraza la kutunga sheria la Aceh. Sheria ya 2006 ilipotoka Jakarta, pale penye ridhaa pakawa pamekaa neno lingine, lenye maana ya kuzingatia maoni. Wakuzingatie, kisha wafanye watakavyo. Waaceh walilalamika, lakini hapakuwa na kura ya wananchi waliyoweza kuinyanyua na kusema: hiki ndicho watu walikubali, msikiguse. Hiyo ndiyo bei ya haraka niliyoisema. Baadaye baraza la Aceh lilipopitisha bendera yake mwaka 2013, Jakarta ilikataa, ingawa haki ya kuwa na bendera imeandikwa Helsinki.

Bangsamoro nao hawako salama kabisa. Bunge la Manila linaweza kuibadili sheria yao, na uchaguzi wa kwanza wa bunge lao ni mfano unaouma. Ulipangwa 2022. Ukasogezwa 2025. Oktoba 2025 nayo ikapita bila kura. Machi mwaka huohuo Rais Marcos alimbadilisha waziri mkuu wa muda, Murad Ebrahim, kiongozi wa MILF mwenyewe, akamweka Abdulraof Macacua. Serikali ya kujitawala ambayo kiongozi wake anateuliwa mji mkuu haijawa ya kujitawala bado. Nasema hivi nami ndiye ninayeipendekeza njia yao.

Lakini hakuna palipochanwa kama Sudan. Sheria ya 1972 ilikuwa na kufuli la kupendeza: haibadilishwi mpaka robo tatu ya Bunge la taifa wakubali, kisha theluthi mbili ya wapiga kura wa Kusini. Mwaka 1978 mafuta yakagunduliwa karibu na Bentiu, upande wa Kusini. Kiwanda cha kusafishia kikapangwa Kosti, Kaskazini. Juni 1983 Rais Nimeiri akatoa amri, Kusini ikakatwa mapande matatu, mkataba ukaisha. Hapakuwa na robo tatu wala theluthi mbili. Palikuwa na karatasi na saini moja. Vita vilivyofuata vilikwenda mpaka 2005, na mwaka 2011 Kusini ikaondoka na kuwa nchi.

Na majimbo ya ami yangu? Katiba ya 1963 iliipa Kenya mikoa saba yenye mabaraza yake, na Ronald Ngala akawa rais wa Mkoa wa Pwani. Makufuli yalikuwapo pia, ya kura nyingi za Bunge na Seneti. Kwanza mikoa ikanyimwa pesa. Kisha Novemba 1964 KADU, chama kilichokuwa kikiyatetea majimbo, kikajivunja na wabunge wake wakahamia KANU. Kufuli halikuvunjwa, waliokuwa wakilinda mlango ndio walioondoka. Desemba mwaka huo yakawa yamezikwa. Ami alikuwa mtoto wa chuo wakati huo, na anachokumbuka ni kwamba hakuna mtu aliyekuja Amu kueleza kwamba kitu fulani kimeondolewa. Walikuja kujua kidogo kidogo, kila walipokwenda kuuliza jambo wakaambiwa siku hizi linaamuliwa Nairobi.

Ukilinganisha na hayo, katiba ya 2010 imejifunza. Kugusa muundo na misingi ya ugatuzi kunahitaji kura ya maoni, na angalau moja ya tano ya waliojiandikisha katika nusu ya kaunti wajitokeze kupiga. Rais anaweza kusimamisha kaunti, lakini pasipokuwa na vita au machafuko ni baada ya tume ya uchunguzi na kibali cha Seneti, na kwa siku zisizozidi 90. Tena walinzi tumewaona kazini: mpango wa BBI wa kuibadili katiba, uliozaliwa Rais Kenyatta na Raila Odinga walipopeana mikono mwezi Machi 2018, ulisimamishwa na Mahakama Kuu 2021, na Mahakama ya Juu Machi 2022 ikathibitisha kwamba haupiti. Uupende mpango ule au uuchukie, mlango ulikuwa na mlinzi.

Bunduki

Nitapita haraka. Polisi na jeshi vimebaki vya taifa kote, Mindanao na Aceh, na hakuna serikali itakayokubali vinginevyo. Lakini Aceh walifanya jambo la maana: waliandika idadi. Askari wa jeshi 14,700 na polisi 9,100, basi, na waangalizi wa Ulaya na wa nchi jirani wakaja kuhesabu.

Kwetu, karabai ya kuvulia ya ami imetundikwa kwenye msumari ukumbini. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 ilikuja amri ya kutotoka usiku, na uvuvi wa usiku ukazuiwa kwa miaka. Uvuvi ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa katiba. Usalama ni wa taifa. Usiku ukawa wa taifa. Ruhusa iliporudi, pampu ya karabai ilikuwa imeshikwa na kutu ya chumvi, haisukumi. Mkataba wowote utakaoletwa Pwani, mimi nitatafuta mstari unaosema amri kama hiyo ina mwisho lini na ni nani wa kuulizwa kabla haijaongezwa.

Wachache wa ndani

Kila mnyonge anayepewa nyumba ana mnyonge wake uani. Ndani ya Bangsamoro wako Wateduray na Walambangian, wenyeji wa milimani wasio Waislamu, ambao tangu mwanzo wameuliza ardhi yao ya mababu itakuwa ya nani ndani ya ardhi ya mababu ya Wamoro. Sheria imewatengea viti bungeni. Ardhi bado ni mgogoro. Aceh, watu wa nyanda za juu kama Wagayo wamekuwa wakidai mkoa wao wenyewe.

Lamu je? Tuna Waamu, Wabajuni, Waaweer wa msitu wa Boni, Wasanye, Waorma, Wapokomo, Wagiriama, na Wakikuyu wa Mpeketoni waliopewa mashamba miaka ya 1970, ambao wajukuu wao wamezaliwa hapa na hawana kwingine. Kijana aliyesema barazani "jimbo la Wapwani" nilimuuliza ataiweka wapi Mpeketoni kwenye ramani yake, akanyamaza. Simlaumu, swali ni gumu. Lakini Waaweer wa Basuba ndio ningewauliza wa kwanza, kwa sababu wao hata ndani ya kaunti hii ndogo wanafikiwa wa mwisho, na jimbo likiwa na makao Mombasa watakuwa mbali zaidi.

Basi tushike upi?

Kama ningekuwa mahali penye watu wa asili moja karibu wote, kisima kimejaa, na maafa yamewachosha wapiganaji wa pande zote, ningekwenda njia ya Aceh. Ingeokoa maisha mapema, na maisha hayasubiri kampeni. Ila ningedai neno ridhaa liingie kwenye sheria yenyewe, herufi kwa herufi, kabla ya bunduki ya kwanza kusalimishwa.

Pwani yetu haiko hivyo. Tumechanganyika kijiji kwa kijiji. Kwa mahali kama hapa ningechagua njia ya Mindanao ya 2018, na kuikimbia ile ya 2008: rasimu isomwe hadharani kwa lugha ya watu, kila eneo lipige kura yake na ihesabiwe kwake, asiyetaka abaki nje bila kuitwa msaliti. Ni ndefu, inachosha, na tukio moja kama Mamasapano linaweza kuirudisha nyuma miaka. Hata hivyo ndiyo pekee inayompa mtu wa Zamboanga wa kwetu, yeyote yule, nafasi ya kusema hapana.

Lakini hatuna vita, Mungu atuepushe navyo, wala hatuhitaji kuanza upya. Tuna kufuli la 2010. Mlango unaofungwa nalo ndio mdogo: zahanati, chekechea, uvuvi, vivuko, masoko. Bandari, usimamizi wa ardhi ya umma na mrabaha viko nje. Kwa hiyo karatasi ya kudai jimbo jipya ikiletwa, mimi sitaitia sahihi. Ikiletwa ya kudai ile 70 kwa 20 igeuzwe, mgao wa kaunti utoke wenyewe kwa tarehe, na serikali ya kaunti iwe na ridhaa, narudia ridhaa, juu ya ardhi inayochukuliwa kwa miradi ya taifa, nitatia sahihi na kuibeba mwenyewe mpaka Faza na Kiunga. Mrabaha unabadilishwa na Bunge kwa sheria ya kawaida. Hauhitaji hata kura ya maoni.

Ami nilimsomea haya jana. Alisikiliza mpaka mwisho, akataka nirudie ile sehemu ya Ngala, kisha akaniambia niongeze kwamba baadhi ya waliohama 1964 walikuwa watu wema. Nimeongeza.

Binamu anarudi melini mwezi ujao. Nimempa swali amfikishie yule wa Cotabato: bunge lenu, mmepanga foleni kulichagua, au bado mnateuliwa?